Barua ya wazi kwa wasimamizi wa njia za baiskeli za mashambani: rekebisheni mita 200 mbovu kabla ya kuzindua kilomita mpya

Waheshimiwa mnaosimamia barabara za vijijini, vijiji vya kale, ngome na makasri,

YAH: NJIA TULIVU ZA BAISKELI KUELEKEA VIJIJI VYA KALE NA MAKASRI

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi tunaoandika barua hii kazi yetu ni kuchora njia za baiskeli za mashambani, kuzipima na kuziendesha. Tuna ombi moja, na tunajua halipendezi mbele ya kamera: acheni kwa muda kuzindua kilomita mpya, na fedha hizo mzielekeze kwenye vipande vifupi vinavyoharibu njia nzima. Mzazi anayetaka kutoka na watoto wawili haangalii wastani. Kilomita 38 zikiwa shwari, halafu mita 200 zikapita kwenye barabara kuu ya malori, kwake hiyo ni njia ya malori, na haendi.

Wapo waliokwisha kulikubali hili hadharani. Nchini Uingereza, shirika la Sustrans, lililoanzisha Mtandao wa Taifa wa Njia za Baiskeli, liliukagua mtandao wote na kutoa ripoti mwaka 2018. Mwaka 2020 likaviondoa, au kuvibadilisha hadhi, vipande vya barabarani vinavyokaribia robo ya urefu wa mtandao, kwa sababu havikufikia kiwango. Ramani ilipungua. Sisi tunaona ni uamuzi wa kiungwana kuliko kuacha mstari wa rangi ya kupendeza unaompeleka mtu asiyejua kwenye hatari.

Tuanze na utulivu wenyewe, maana ndio mnaounadi. Vipeperushi huueleza kwa mandhari: mashamba, mto, mnara wa kanisa kwa mbali. Aliye juu ya baiskeli anaupima kwa mambo mawili, gari linampita kila baada ya muda gani, na kwa kasi ipi. Sheria ya usafiri ya Uingereza ya mwaka 2000 iliruhusu barabara ndogo kutengwa kuwa tulivu, na mwongozo wake unalenga barabara zenye magari yasiyozidi takriban 1,000 kwa siku. Hiyo tunaichukulia kuwa dari. Saa yenye pilikapilika hubeba karibu sehemu ya kumi ya magari ya siku nzima, kwa hiyo magari 1,000 kwa siku ni magari 100 ndani ya saa hiyo, moja kila sekunde 36. Kwa mtu mzima aliyezoea ni kero ndogo. Kwa mtoto wa miaka tisa anayejifunza kunyoosha mwendo ni sababu ya kushuka na kulia. Yakiwa 200 kwa siku, gari hupita kila dakika tatu, na hapo ndipo watu huanza kuendesha sambamba wakipiga soga.

Kasi nayo ina hesabu yake. Dereva anayetumia sekunde moja kushtuka, kisha akakaza breki kwenye lami kavu, huhitaji kama mita 13 kusimama akiwa kwenye kilomita 30 kwa saa, mita 28 akiwa kwenye 50, na mita 57 akiwa kwenye 80. Barabara ya mashambani yenye ua wa miti pande zote, na kona isiyoonyesha zaidi ya mita 30 mbele, haiwezi kubeba alama ya kilomita 80. Kisiwa cha Jersey, penye ngome ya Mont Orgueil, kimetenga mtandao wa barabara ndogo ambako mwendo wa juu ni maili 15 kwa saa, kama kilomita 24, na wanaotembea, wanaopanda farasi na wanaoendesha baiskeli ndio wanaopishwa.

Mtatuambia kwamba sheria za kupita kwa nafasi zipo. Ni kweli: Ufaransa, Ubelgiji na Hispania zinadai mita 1.5 nje ya miji, na Ujerumani mita 2. Lakini chukueni futi kamba. Barabara ina upana wa mita 4. Baiskeli iko nusu mita kutoka ukingoni na usukani wake ni sentimita 70, kwa hiyo mkono wa mwendeshaji umefika sentimita 85. Ongezeni mita 1.5 za sheria, kisha gari la mita 2 pamoja na vioo vyake. Mmefika mita 4.35, na gurudumu la gari limeshaingia mtaroni. Dereva itabidi asubiri nyuma mpaka pawe pana, na hatasubiri ikiwa alama inamwambia ana haki ya kwenda kilomita 80.

Kwa hiyo hesabuni kabla ya kusimika bango lolote. Lazeni barabarani mrija wa mpira wa kuhesabia magari kwa siku 7 mfululizo, Jumamosi na Jumapili zikiwemo, ndani ya msimu wa wageni. Uwe kwenye kipande kilichonyooka, mbali na kona na makutano, kwa sababu hapo madereva hupunguza mwendo na takwimu zikatoka nzuri kuliko hali halisi. Msisome kasi ya wastani. Someni ile ambayo magari 85 kati ya 100 hayaizidi. Kosa la kawaida ni hesabu ya Jumanne moja ya Februari kutumika kuidhinisha njia ya Julai. Kasri likifunguliwa saa nne asubuhi, barabara inayoliendea hujaa kuanzia saa tatu na nusu, na baiskeli nazo zinafika wakati huohuo.

Hesabu ikizidi, msikimbilie kuwalaumu wakazi. Mara nyingi ni programu za ramani kwenye simu zinazowachepusha madereva wa mbali ili waokoe dakika mbili. Ubelgiji wana kifaa rahisi kwa hali hii: donge la zege katikati ya njia, lililoinuka kuliko tumbo la gari dogo. Trekta hupita juu yake likiwa limelichukua katikati ya magurudumu, gari dogo linakwama, baiskeli inapita pembeni. Linaharibika vipi? Likiachwa bila rangi, alfajiri na machweo halionekani. Nafasi ya pembeni ikiwa finyu, trela la mtoto linaparuza zege, ikiwa pana kupita kiasi magari yanajipenyeza, mita 1.5 ndicho kipimo kinachofaa. Na kabla ya kulimwaga kaeni na wakulima na kikosi cha zimamoto, mwulize mashine zao zina upana gani na tumbo lao liko juu kiasi gani. Tusipouliza sisi, watauliza wao kwa nyundo.

Sasa tuje penye uzito zaidi, yaani pale njia tulivu inapokatisha barabara kuu. Baiskeli iliyosimama inahitaji karibu sekunde 6 kuvuka barabara ya mita 7: sekunde moja ya kuamua, zilizobaki za kung'oa mwendo na kuutoa mkia upande wa pili. Gari la kilomita 80 kwa saa hula mita 133 ndani ya sekunde hizo, la kilomita 100 hula mita 167. Anayesubiri lazima aone angalau umbali huo, kushoto na kulia, akiwa ameketi sawasawa kwenye kiti chake, si akiwa amesukuma gurudumu la mbele barabarani ili achungulie. Pimeni kwa jicho la mtu mzima, halafu mchuchumae na kupima kwa jicho la mtoto, kama mita 1 kutoka ardhini. Fanyeni hivyo majani yakiwa yamejaa. Ukaguzi wa majira ya baridi huona moja kwa moja kupitia ua ambao miezi mitano baadaye ni ukuta.

Umbali usipopatikana, anzeni na kazi ya bei nafuu. Fyekeni kinachoziba, na bango la matangazo nalo ling'olewe. Kisha shusheni kasi ya barabara kuu kwa mita mia chache kila upande. Ikishindikana, hamisheni kivuko hadi mahali panapoonekana, hata kama itabidi njia itembee mita 80 pembeni ya barabara, ikitengwa na magari. Mwisho ni kisiwa cha katikati, ili mtu avuke upande mmoja, apumzike, kisha avuke wa pili. Kisiwa hicho kiwe na kina cha mita 3, kikipimwa kufuata mwelekeo wa baiskeli. Vipo vya mita 1.5, na baiskeli ya kawaida ina urefu wa mita 1.8: gurudumu la nyuma linabaki barabarani, na ikiwa kuna trela, mtoto mwenyewe ndiye aliyebaki barabarani. Kisiwa cha namna hiyo ni mtego, na ni afadhali kisijengwe.

Kuhusu uso wa njia, mabishano ya lami na changarawe yamekuwa ya kiitikadi bila sababu. Jibu liko kwenye maji na mteremko. Penye tambarare, changarawe iliyoshindiliwa vizuri ni raha kuendesha na inakaa vyema mbele ya kuta za kale. Tabaka la chini liwe na sentimita 15 za kokoto mchanganyiko za hadi milimita 32, juu yake sentimita 4 hadi 5 za mawe yaliyosagwa ya hadi milimita 5 pamoja na vumbi lake. Kila tabaka linyunyiziwe maji na kushindiliwa kwa rola, na uso ulale upande mmoja kwa asilimia 2 hadi 3 ili maji yasituame. Vumbi ndilo linaloshikanisha. Mkandarasi akiwaletea kokoto zilizooshwa kwa kuwa zinang'aa vizuri kwenye picha, zirudisheni. Hazishikani kamwe, matairi huzisukuma zikarundikana kwenye kona, na mtu anaingia pale akiwa ameshika breki ya mbele.

Mteremko ukizidi asilimia 5 hivi, mvua kubwa chache zinatosha kuchimba mfereji katikati ya changarawe. Kipande hicho kitiwe lami au zege hata kama ni mita 60 tu. Tunajua bodi za urithi hazitaki lami nyeusi karibu na kasri, nasi tuko upande wao; lami inaweza kufunikwa kokoto ndogo za rangi ya mawe ya eneo, mradi zisizoshika zifagiliwe kabla njia haijafunguliwa. Njia za wakulima za mistari miwili ya zege yenye nyasi katikati zinafaa pia, kila mstari ukiwa na angalau sentimita 90 na udongo wa pembeni ukijazwa hadi usawa wa zege. Ukingo ukiachwa na ngazi ya sentimita 5, gurudumu lililoteleza nje halirudi: linasuguana na ukingo, usukani unagoma, na mtu yuko chini.

Ndani ya vijiji vya kale tatizo ni mawe. Mawe ya mtoni yaliyopangwa karne zilizopita yana vichwa vya duara na mapengo ya sentimita kadhaa. Kwa tairi jembamba ni mateso, na yakilowa ni barafu. Hatuombi yang'olewe. Tunaomba ukanda mmoja wa upana wa mita 1.2 hadi 1.5 ambamo mawe yaleyale, au ya aina ileile, yamekatwa kichwa kwa msumeno yakawa bapa, kisha yakakwaruzwa kwa patasi au moto, kwa sababu jiwe lililokatwa likaachwa laini huteleza kuliko lilivyokuwa mwanzo. Viungo virefu vikatishe njia. Vinavyokwenda sambamba na safari hunasa tairi la milimita 28 na kuligeuza vinavyotaka. Hivyohivyo kwa vyuma vya mifereji ya maji. Ukanda huu utawafaa pia wenye viti vya magurudumu na wazee wenye mikongojo, hoja ambayo bodi ya urithi haitaikataa kirahisi.

Halafu kuna kilima. Ngome zilijengwa juu ili zisifikike kwa urahisi, na kazi hiyo bado zinaifanya. Mtu, baiskeli na mizigo vikiwa kilo 100 kwa pamoja, kupanda mwinuko wa asilimia 8 kwa kilomita 6 kwa saa kunahitaji kama wati 145, kiasi ambacho mtu mzima mwenye afya anakimudu kwa dakika kadhaa. Mwinuko ukifika asilimia 12, wati zilezile zinampa kilomita 4 kwa saa. Huo ni mwendo wa miguu, na baiskeli inayokwenda polepole hivyo inayumba huku na huku. Kwa hiyo kinachozidi asilimia 8 kiongezewe nusu ya mita upande wa kupanda, au kitafutiwe mchepuko mrefu wenye kupanda taratibu. Mara nyingi lililo bora kuliko yote hayo ni maegesho mazuri ya baiskeli chini ya kilima na njia ya miguu ya kupandia. Anayeshuka naye akumbukwe: hufikia kilomita 40 kwa saa bila kukanyaga pedali, na mteremko usiishie kwenye geti lililojificha nyuma ya kona.

Tukigusa mageti, tunagusa jambo linalotuudhi zaidi. Vyuma vya kupishana vinavyowekwa kuzuia pikipiki haviwazuii wenye pikipiki waliokusudia. Vinawazuia mwenye baiskeli ya kuendeshwa kwa mikono, mwenye magurudumu matatu, mama mwenye trela, na mzee mwenye baiskeli ya umeme iliyobeba mizigo, ambayo hawezi kuinyanyua kuipitisha juu. Ripoti ile ya Sustrans ya mwaka 2018 ilikuta maelfu ya vizuizi kwenye mtandao wa Uingereza. Mwongozo wa usanifu wa nchi hiyo wa mwaka 2020 unataka nafasi ya mita 1.5 kati ya nguzo na nguzo. Nguzo moja katikati inatosha, iwe na ukanda unaoakisi mwanga, na ardhini pachorwe mstari mweupe unaoanza mita kadhaa kabla yake, kwa sababu wanaofuata nyuma ya kundi hawaioni nguzo mpaka aliye mbele amekwepa.

Mabango tumeyaweka nyuma makusudi, ingawa ndiyo ambayo bajeti huyaweka mbele. Njia zenye jina zina mvuto wake. Njia ya Makasri 100 ya Münsterland, Ujerumani, ina takriban kilomita 960 katika mizunguko minne na inapita Nordkirchen na Vischering. Ile ya bonde la Loire, Ufaransa, ina takriban kilomita 900 na inapita Chambord, Amboise na Saumur. Ila kwa mtu wa siku moja, mfumo wa namba ulioanza Limburg ya Ubelgiji mwaka 1995, kwa wazo la mhandisi wa migodi Hugo Bollen, haujapata mpinzani. Kila makutano yana namba. Mtu anaandika kwenye kikaratasi 34, 51, 7, anakwenda, na mvua ikija anakatiza kwa kubadili namba moja. Kwa mfumo wowote, alama ionekane mita 20 kabla ya makutano, na nyingine ndogo mita 50 baada yake imhakikishie mtu kwamba hajapotea. Kagueni mkiendesha pande zote mbili. Kila nguzo iwe na namba yake ya usajili iliyoandikwa wazi, ili anayekuta imeanguka aripoti namba badala ya kueleza "pale karibu na mti mkubwa".

Getini kwa kasri, wekeni vyuma vya umbo la U iliyopinduliwa, kimo cha sentimita 75 hadi 80, vikiachana kwa mita 1, na sentimita 60 kutoka ukutani. Vile vinavyobana gurudumu la mbele peke yake hupinda rimu na sahani za breki. Viwe mbele ya macho ya mkata tiketi. Anayesafiri na mifuko kwenye keria hataingia kutazama vyumba vyenu vya kifalme ikiwa mifuko itabaki nje, kwa hiyo makabati machache ya kufungwa, yanayomeza mifuko miwili ya lita 20 na kofia, yatawauzia tiketi kuliko tangazo lolote. Ufaransa, alama ya Accueil Vélo hupewa watoa huduma walio ndani ya kilomita 5 kutoka kwenye njia, wakiwa na vifaa vya matengenezo; Ujerumani, nyumba za wageni zilizo chini ya alama ya Bett+Bike hupokea mgeni hata wa usiku mmoja na zina chumba cha kufungia baiskeli. Maji na choo kila kilomita 15 au chini ya hapo. Hilo halihitaji maelezo.

Matunzo ndiyo yanayosahaulika mapema kuliko yote. Ua wa miiba ukikatwa kwa mashine ya trekta, vijiti hutapakaa barabarani, na mchana mmoja unatosha kutoboa mipira ya kila anayepita. Mkataba wa kukata ua useme wazi kwamba barabara itafagiliwa siku hiyohiyo, na malipo yazuiwe isipofagiliwa. Matope ya wakati wa mavuno, majani yaliyooza kwenye kona za kivuli na mizizi inayoinua lami, vyote vina majira yanayojulikana, basi ratiba iandikwe kwa majira hayo.

Tunaomba, ndani ya siku 90, kila mamlaka itangaze orodha ya vipande vyake 10 vibaya zaidi, kila kimoja kikiwa na hesabu ya magari ya siku 7, kasi iliyopimwa, urefu, kasoro na makisio ya gharama. Bajeti ijayo ya njia za baiskeli ianze na orodha hiyo. Kipande kisichoweza kurekebishwa ndani ya miaka mitatu kiondolewe kwenye ramani na mabango yake yang'olewe. Na kila njia itakayobaki iandikiwe ofisi moja inayowajibika, yenye namba ya simu inayopokelewa Jumapili.

Tuko tayari kushika upande wa pili wa futi kamba.

Wenu,
Waendesha baiskeli na wakaguzi wa njia za mashambani